Kabla ya kulipamba blanketi la mtoto, kumbuka vidole vyake

ILIKUWA usiku wa manane, mwezi wa Julai mwaka wa 2017, na baridi ya Nairobi ilikuwa imeingia hadi ndani ya mifupa. Kifungua mimba wetu, aliyekuwa na umri wa miezi mitatu, aliamka akilia kilio ambacho hatukuwa tumewahi kukisikia. Nikampa titi, akalikataa. Baba yake akambeba na kutembea naye kutoka dirishani hadi mlangoni, na kurudi. Tulimbadilisha nepi, tukamsugua tumbo tukidhani ni gesi, tukampima joto kwa kiganja kama wafanyavyo wazazi wasio na kipimajoto. Mtoto akazidi kulia.

Ni baada ya karibu nusu saa, nilipojaribu kumfunua ili nimvalishe nguo nyingine, ndipo nilipogundua kwamba blanketi halitoki. Kidole cha pili cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimepenya katika tundu la ua nililolifuma kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa vile alikuwa akipiga mateke, uzi ulikuwa umejizungusha mara mbili na kukaza. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu kama pilipili iliyoiva. Mume wangu alichukua makasi akalikata blanketi nililolifanyia kazi kwa miezi minne, bila hata kunitazama. Sikumlaumu.

Baada ya dakika chache damu ilirejea na kidole kikarudi katika rangi yake. Tulikuwa na bahati. Madaktari wa watoto wanakijua vyema kisa cha aina hii: uzi wa soksi, wa blanketi, au hata unywele mmoja wa mama hujizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga na kuizuia damu. Mzazi asipogundua mapema, kidole huweza kufa. Kwa hivyo, msomaji, mtoto wako akilia usiku na usijue sababu, mvue soksi umtazame vidole vyote ishirini kabla ya kusema ni tumbo. Ukiona uzi umezama katika nyama na huwezi kuutoa, au uvimbe hauishi, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali.

Nasimulia haya kwa sababu kila rafiki yangu anapopata ujauzito hunijia na ombi moja, nimfundishe kufuma ule mtindo mzuri wenye matundu. Ni mtindo mzuri, siwezi kukataa. Lakini nimejifunza kwamba katika kufuma blanketi la mtoto, ua si pambo tu. Ua ndilo linaloamua kama blanketi litashika joto, kama litalala sawa au litajikunja, na kama kidole kitapita.

Aliyenifunza hayo ni nyanya yangu, mzaa mama. Wakati huo alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho na alikuwa akikaa kwa shangazi yangu huko Buruburu. Nilimpelekea lile blanketi lililokatwa nikitarajia pole. Nyanya hakulitazama, maana macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alilipapasa. Akalipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akaligeuza na kupapasa upande wa nyuma, na kuniuliza, "Mjukuu wangu, mtoto hulalia upande upi?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli sikuwahi kuufikiria upande wa nyuma. Mimi nilifuma blanketi la kuonwa na wageni.

Nyanya alijifunza kufuma miaka ya hamsini katika kilabu cha Maendeleo ya Wanawake, kijijini kwao Nyeri. Chama hicho kilianzishwa mwaka wa 1952, chini ya serikali ya kikoloni, na vilabu vyake vilifunza akina mama kufuma, kushona, kupika na kutunza watoto. Mwaka huo huo ndio hali ya hatari ilipotangazwa, na historia ya vilabu hivyo ina mambo machungu ambayo Nyanya hapendi kuyazungumzia. Lakini sindano alizipenda. Sisi tuliokuja baadaye tulifunzwa kufuma katika shule ya msingi, katika somo la sanaa na ufundi, na wengi wetu tulitumia spoki za baiskeli zilizosuguliwa kwenye saruji hadi zikawa na ncha. Tulifuma soksi zisizoingia mguu wowote. Hata hivyo tulitoka na mambo mawili ya msingi, pleni na pali, na kwa hayo mawili mtu anaweza kufuma blanketi lolote lile.

Kwa asiyejua, pleni ni kile kitanzi ambacho kikimalizika hulala laini, mfano wa herufi V. Pali ni kitanzi hicho hicho kikitazamwa kwa nyuma, chenye kifundo kilicholala kama mkufu. Hakuna kingine. Mitindo yote unayoiona, iwe ya kikapu, ya punje, ya kamba au ya mawimbi, ni namna tu ya kuvipanga vitanzi hivi viwili, kuviruka, kuvikutanisha au kuvisokota.

Wengi huanza kwa kufuma pleni upande mmoja na pali upande wa pili, kama mwili wa sweta. Kwa blanketi huo ni mtego. Kitambaa cha aina hiyo hujikunja kwenye kingo, na hata ukipiga pasi kitarudi kule kule. Halafu nyuma yake si kama mbele. Ukifuma pleni tupu, mstari baada ya mstari, huku na huku, unapata kitambaa kinene chenye matuta, kinacholala sawa na kufanana pande zote mbili. Watu hukidharau wakisema ni cha mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mimi siku hizi nakiheshimu. Matuta yale hushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayompa mtoto joto, wala si uzito wa uzi.

Mtindo wa pili ambao Nyanya aliusifu ni wa punje. Panga vitanzi visivyogawanyika kwa mbili, tuseme 33. Fuma pleni moja, pali moja, hadi mwisho. Kila mstari uanze kwa pleni na uishe kwa pleni. Kwa kuwa idadi si shufwa, kila pali itaangukia mahali pake, na kitambaa kitatokea kama mtama ulioanikwa mkekani. Hakijikunji, hakina tundu, na mbele ni sawa na nyuma. Ubaya wake ni mmoja: huenda polepole, na ukizungumza sana utakosea.

Wa kikapu humfurahisha kila mtu. Kwa vitanzi hivyo hivyo 33, fuma pleni tatu, pali tatu, hadi mwisho. Ukigeuza, fuma kila kitanzi jinsi kinavyokutazama. Kilicho laini kifume pleni, chenye kifundo kifume pali. Ikitimia mistari minne, badilisha: penye laini weka pali, penye kifundo weka pleni, kwa mistari mingine minne. Vijumba vitaanza kujitokeza kama ukindu ulivyopandana katika kikapu. Mwanafunzi aliyewahi kufuma kitambaa cha shuleni ataumudu mtindo huu kwa jioni moja.

Kuna mitindo ya kuihofia kidogo. Pleni mbili pali mbili bila kubadilisha, ule wa ukosi wa sweta, huvutika na kurudi. Hufaa kifundo cha mkono, si blanketi, kwa kuwa hupunguza upana karibu nusu. Ule wa kamba, ambapo unaweka vitanzi vitatu kando kwenye sindano ndogo, unafuma vitatu vinavyofuata kisha unavirudia vile vya kwanza, ni wa kupendeza mno. Lakini nao huvuta kitambaa, hula uzi, na huacha vinundu. Jiulize kama wewe ungependa kulaza kisogo juu ya kamba usiku kucha.

Na wale wanaofuma picha za dubu na maua kwa rangi mbili au tatu, tafadhali geuzeni kazi yenu. Uzi wa rangi isiyotumika huburutwa nyuma, na kila panapobadilishwa rangi pana uzi unaoning'inia kama waya wa kuanikia nguo. Hapo ndipo kidole hunaswa kwa urahisi zaidi kuliko hata kwenye tundu. Ukitaka rangi nyingi, zigawe kwa mistari au kwa miraba, kila rangi na nyumba yake.

Basi mtindo wa matundu tuutupe? La. Kuna kazi inayoufaa. Akina mama wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, wamesifika tangu karne ya 19 kwa kufuma shali nyembamba kiasi cha kupenya katika pete ya ndoa. Mawimbi yao ndiyo niliyokuwa nikiyaiga mimi. Ukiyataka kwa shali ya mchana, panga vitanzi 172, ukitenga vitano kila upande ambavyo utavifuma pleni siku zote. Katikati kuna vitanzi 162, yaani mafungu tisa ya 18. Mstari wa kwanza ni pleni, wa pili ni pali. Katika wa tatu, kwa kila fungu, fuma viwili pamoja mara tatu. Kisha zungusha uzi kwenye sindano na ufume kitanzi kimoja, mara sita. Kisha viwili pamoja mara tatu tena. Mstari wa nne ni pleni. Rudia hiyo minne hadi uchoke. Vitanzi sita vinavyopotea ndivyo sita vinavyozaliwa na ule uzi uliozungushwa, na kwa sababu hiyo idadi haibadiliki. Shali hiyo mfunike mtoto akiwa mikononi mwako, siku ya kumpeleka kanisani au akija kuonwa na jamaa. Akilala, itundike.

Tuje kwenye uzi wenyewe. Ukitembea Biashara Street utaona nyuzi za kila rangi zikiwa zimepangwa hadi darini, na nyingi ni za akriliki. Ni laini, haziwashi, hufuliwa kwa urahisi na bei yake haiumi. Lakini akriliki ni jamaa wa plastiki. Cheche ikiirukia huyeyuka, na inapoyeyuka hushika ngozi. Katika chumba kimoja ambamo jiko la makaa, kitanda na mtoto vimekaribiana, jambo hilo si dogo. Sufu ya kondoo haishiki moto upesi na huelekea kujizima yenyewe. Hupatikana pia humu nchini. Huko Nanyuki wako akina mama ambao huisokota kwa mkono. Shida ni kwamba nyingine huwasha ngozi, na ukiifua kwa maji moto ukiisugua, blanketi la mtoto hugeuka kuwa la mwanasesere. Pamba ni nzuri kwa Mombasa, ambako hata hivyo leso humtosha mtoto usiku mwingi wa mwaka. Kwa Nairobi ya Julai, ambapo nguo hukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka, pamba nzito itakuudhi. Mimi hununua akriliki na kuliweka jiko mbali. Mwenye uwezo anunue sufu laini.

Sindano nazo zina fumbo lake. Zile za namba za zamani za Kiingereza, ambazo bado zimo katika nyumba nyingi, huhesabiwa kinyume: namba inavyozidi, sindano huwa nyembamba. Namba nane ni sawa na milimita nne, na hiyo ndiyo ifaayo uzi wa unene wa kati. Mpya nyingi huandikwa milimita. Binamu yangu aliwahi kununua namba nne akidhani ni milimita nne, akafuma kitu kama neti ya samaki. Tulicheka, lakini yeye hakucheka.

Sasa nikueleze namna ya kufuma blanketi bila kuchoka njiani, kwani blanketi nyingi huishia chini ya kitanda zikiwa nusu na mtoto keshaanza kutambaa. Fuma miraba 25, kila mmoja sentimita 15 kwa 15. Ukiiunga mitano kwa mitano utapata blanketi la sentimita 75 kila upande, na litakula uzi wa gramu 300 hivi. Uzuri wake ni kwamba kila mraba unaweza kuwa na mtindo wake: huu wa punje, ule wa kikapu, mwingine pleni tupu. Mraba mmoja hutoshea katika mkoba na hufumwa ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road. Watu watano wakichukua miraba mitano mitano, kila mmoja na uzi wake, hakuna anayeumia mfukoni. Wanafunzi wa chuo wanaomtayarishia mwenzao aliyejifungua wanaweza kuumaliza mpango huu katika muhula mmoja.

Ila jihadharini. Vitanzi 33 vya pleni tupu na vitanzi 33 vya kikapu havitoi upana mmoja, na mkono wa mtu huyu hukaza kuliko wa yule. Kila mmoja afume kwanza kipande cha sampuli, akipime kwa rula, kisha aongeze au apunguze vitanzi. Mraba wa kamba, ukiwa lazima uwepo, mimi huuongezea vitanzi vitano au sita na kuuweka ukingoni. Urefu nao usiuhesabu kwa mistari, upime.

Wakati wa kuunga, uzi wa kuungia upite kila kitanzi, usiruke. Pengo kati ya miraba miwili ni tundu kama matundu mengine. Ncha za uzi zisifungwe fundo na kukatwa. Zipenyezeni ndani ya kitambaa kwa sindano butu, sentimita tano au zaidi, mwende na kurudi. Vifungo, shanga, utepe na vile vishada vya pembeni, hata kama dukani vinauzwa pamoja na uzi, viacheni huko huko. Kila kilichoshikizwa siku moja kitaachia, na kikiachia kitaingia mdomoni.

Hata blanketi lililofumwa vyema lina mahali pake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alazwe chali, na asiachiwe blanketi lililo legelege mahali anapolala, kwa hofu ya kumfunika uso. Wauguzi wa Uingereza hukubali blanketi jepesi iwapo limechomekwa chini ya godoro na halipiti mabega. Kwa wengi wetu tunaolala kitanda kimoja na watoto ushauri huo ni mgumu kuufuata, lakini jambo moja linawezekana katika kila nyumba: usiku, mvalishe nguo za kutosha kwanza, blanketi liwe la mwisho na lisifike usoni. Mchana, akiwa mgongoni au mapajani, mfunike upendavyo.

Lile blanketi langu sikulitupa. Nilifumua kilichosalia, nikauosha uzi na kuuanika ukiwa umezungushwa kwenye kiti ili unyooke, na ulikaa ndani ya mfuko miaka mingi. Mdogo wangu alipopata ujauzito tukaugawana: mimi, mama, shangazi, mdogo wangu mwenyewe na binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye kile kidole. Nyanya hakupewa mraba. Alipewa ukaguzi.

Siku ya kuunga tulimwekea miraba yote mapajani. Aliichukua mmoja mmoja, akapitisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto mbele, kisha nyuma. Wa shangazi ulikuwa na ncha iliyoachia, ukarudishwa. Wa tatu wa binti yangu ulipofika, kidole kilisimama. Kitanzi kimoja kilikuwa kimeponyoka sindanoni karibu na ukingo, na kuacha tundu dogo lisiloweza hata kuingiza punje ya dengu. Msichana alilalamika kwamba halionekani. Nyanya aliitisha sindano ya kroshia, akamkalisha kando yake, akamwonyesha jinsi ya kukivua kitanzi na kukipandisha ngazi kwa ngazi hadi kwa wenzake, kisha akakifumua na kumwambia akipandishe mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu, na machozi kidogo.

Mraba huo uko safu ya tatu, katikati. Ukiutafuta kwa macho utauona, kwa maana kitanzi chenyewe kimekaa upande kidogo. Kwa kidole huwezi kuupata.